Kibla Hakihami

Mhadhara juu ya mwanafunzi Mwislamu katika nchi za ugenini, uliotolewa Mombasa mbele ya wazazi na vijana wanaojitayarisha kusafiri



Sisi watu wa Mombasa, pamoja na jamaa zetu wa Lamu na wa Unguja, tutakapo kuutaja upande wa kaskazini mara nyingi husema kibla, kama tusemavyo suheli kwa upande wa kusini. Wala ada hii haikuzuka bure, kwani Mombasa na Makka zimepangana karibu sawasawa juu ya mstari mmoja utokao kusini kwenda kaskazini, hata nahodha wa jahazi na imamu wa msikiti, kila mmoja kwa haja yake, wakawa wanauelekea upande mmoja na kuuita kwa jina moja. Kwa hivyo mtoto azaliwaye hapa hukua akidhani, pasi na kufunzwa na mtu, kwamba kibla ni sehemu ya nyumba kama mlango na dirisha. Hajapata kukitafuta, kwa kuwa hajapata kukipoteza.

Mimi nilikipoteza nilipokuwa kijana wa miaka 21. Nilifika Uingereza jioni ya mvua, nikapewa chumba katika dakhalia ya wanafunzi, na asubuhi yake, nilipokwisha kujua kaskazini iko wapi, nikatandika mswala wangu kuielekea kaskazini hiyo, nikasali kwa unyenyekevu siku mbili nzima. Siku ya tatu jirani yangu, Mnijeria aliyekuwa akisomea uhandisi, alibisha hodi kuazima pasi, akanikuta katika tahiyatu, akangoja mpaka nikatoa salamu, kisha akaniuliza kwa upole kama huko kwetu kuna Kaaba nyingine. Kutoka Uingereza Makka iko baina ya mashariki na kusini. Na mimi, mtoto wa chuoni, niliyehifadhi juzuu kadhaa na kuzimaliza fasili za sala mbele ya mwalimu, nilikuwa nimeipa kisogo kwa siku mbili. Nikazilipa sala zile moja baada ya moja, na aibu yangu nikaifanya mwalimu.

Kisa hicho kidogo ndicho nilichokuja kukifasiri. Dini tuliyolelewa nayo hapa pwani imechanganya mambo mawili kama tui lililokwisha kuingia katika wali, mtu asiweze tena kulitenga hili na lile. Moja ni ibada, ambayo Mola ameiamrisha. La pili ni ada, nayo ni ule msaada ambao mji hutupa ili ibada itufikie kwa wepesi: muadhini anayetuamsha, baba anayegonga mlango alfajiri, maduka yanayofungwa saa ya Ijumaa, jirani anayeleta sahani ya futari kabla hatujamwomba. Mtu akiwa ndani ya mji wake hana njia ya kujua ni kiasi gani cha sala yake kinatoka kwake na ni kiasi gani kinatoka kwa mji. Lakini akisafiri, mji hubaki nyuma, na kile kitakachomsalia mkononi ndicho kilichokuwa chake tangu mwanzo. Dai langu, basi, ni hili: ugeni haumwongezei mtu dini wala haumpunguzii, bali humpambanulia ada na ibada, na kijana aliyeandaliwa kwa upambanuzi huo hatarudi kwetu amepotea, wala hatarudi akitudharau.

Safari ya elimu si jambo jipya kwetu. Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, alisoma Makka na Hadhramaut, akafundisha Unguja. Na katika Al-Azhar ya Misri, tangu karne nyingi, wanafunzi wageni walikuwa na riwaki zao, yaani kumbi za kuishi na kusomea zilizogawiwa kwa nchi zao, watu wa Sham na yao, watu wa Maghribi na yao, na Majabarti wa Habeshi na nchi za jirani na yao, kila riwaki na wakfu wake wa mikate. Lakini mabwana hao, pamoja na taabu zote za bahari na njaa, walitoka kwenye mji wa adhana wakaingia kwenye mji wa adhana. Ada iliwaaga bandarini kwao na ada nyingine, iliyo dada yake, ikawapokea huko walikofika. Mambo yalibadilika pale watu wetu walipoanza kwenda Ulaya. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maelezo yake ndiyo uti wa kitabu cha Desturi za Waswahili kilichochapishwa mwaka 1903, alikwenda Berlin mwaka 1900 kusomesha Kiswahili, akaishi Ujerumani miaka mingi mpaka akafia huko mwaka 1927. Na kizazi kimoja na nusu baadaye Ali Mazrui, mtoto wa Kadhi Mkuu wa Kenya, Sheikh Al-Amin bin Ali, alipotoka katika mji huu huu kwenda kutafuta shahada yake ya kwanza, hakwenda Misri alikokwenda mwanachuoni wa zamani, bali alikwenda Manchester, akahitimu mwaka 1960. Toka hapo njia imekuwa pana, na leo hakuna mtaa wa mji huu usiokuwa na mtoto Uingereza, Marekani, Uturuki, Uhindi au Malaysia.

Na ajabu iliyo tamu ni kwamba huko nako mwanafunzi ndiye aliyetangulia kujengewa msikiti. Msikiti wa kwanza uliojengwa Uingereza kwa makusudi ya kuwa msikiti, ule wa Woking, karibu na London, ulisimamishwa mwaka 1889 na Gottlieb Wilhelm Leitner, mzaliwa wa Hungaria na Myahudi kwa nasaba, aliyewahi kuwa mkuu wa chuo cha serikali huko Lahore. Aliujenga kwa ajili ya wanafunzi na wageni Waislamu wa taasisi yake ya elimu za mashariki, na sehemu kubwa ya fedha ilitoka kwa mwanamke, Shah Jahan, Begum wa Bhopal, ambaye jina lake msikiti ule unalo hata leo. Mabaharia wa Kiyemeni na wa Kisomali walikuwa na zawia zao Cardiff na South Shields. London yenyewe ilipata kituo chake cha Kiislamu mwaka 1944, kilichofunguliwa na Mfalme George wa Sita, lakini jumba lenye kuba ya dhahabu katika Regent's Park halikukamilika mpaka mwaka 1977. Na mwaka 1963, Uingereza na Marekani kila moja kwa njia yake, wanafunzi wakaunganisha jumuiya zao za vyuo kuwa shirikisho. Nayasema haya ili kijana asidhani kwamba anakwenda kwenye jangwa: anakwenda mahali ambapo waliomtangulia, wengi wao wageni na mafakiri kama yeye, wamekwisha kumchimbia kisima. Lakini maji atayateka mwenyewe.

Sasa niingie katika mambo yenyewe, nianze na wakati, kwa sababu ndio wa kwanza kumshangaza mtu wa pwani. Hapa kwetu jua halichezi: magharibi ya mwezi wowote haiachani na magharibi ya mwezi mwingine kwa zaidi ya dakika arobaini, na ndiyo maana saa yetu ya Kiswahili, inayohesabu tangu kuchwa na kucha, ikatufaa. Nendeni London mwezi wa Disemba: jua huchomoza saa mbili asubuhi na huchwa kabla ya saa kumi za mchana, hata adhuhuri, alasiri na magharibi hukusanyika ndani ya muda wa saa nne, nao ndio muda ambao wanafunzi huwa darasani. Mwezi wa Juni mambo hupinduka: jua huchwa saa tatu na dakika ishirini za usiku na kuchomoza tena kabla ya saa kumi na moja za alfajiri, na ukizidi kupanda kaskazini, mpaka Edinburgh, utaona mekundu ya magharibi yakitembea pembezoni mwa upeo usiku kucha hata yakutane na weupe wa alfajiri, na hapo atauliza mwenye kuuliza: isha iingie lini?

Mwalimu wetu chuoni alikuwa na jibu, ingawa sisi tulilihifadhi bila kujua ni jibu la swali gani. Mashafii wamesema kwamba watu wa nchi ambayo wekundu wa jua hautoweki watafuata kadiri ya nchi iliyo karibu nao ambayo wekundu huo hutoweka. Na asili ya kukadiria ni ile hadithi ya Dajali, pale Mtume, rehema na amani zimshukie, alipowaambia masahaba kwamba katika siku itakayokuwa ndefu kama mwaka haitawatosha sala ya siku moja, bali wakadirie nyakati zake. Tazameni, basi: maneno yaliyosomwa kwa karne nyingi katika mabaraza ya Lamu na Mombasa, ambako hakuna mtu aliyepata kuona usiku usiokuwa na giza, yalikuwa yamewekwa akiba kwa ajili ya mjukuu atakayekwenda Scotland kusomea udaktari.

Mfano wa pili ni mwepesi zaidi, nao ndio niupendao. Nani katika sisi hakusoma mlango wa kupaka maji juu ya khufu, zile soksi za ngozi zinazofunika vifundo vya miguu? Tulisoma kwamba sharti zivaliwe mtu akiwa na tahara kamili, na kwamba mkaazi atapaka kwa mchana mmoja na usiku wake, na msafiri kwa siku tatu. Tukayaimba hayo kwa sauti moja, sote tukiwa miguu mitupu, na makubadhi yetu yamepangwa mlangoni. Sikumjua mzee hata mmoja wa mtaani kwetu aliyepata kupaka khufu. Lakini siku niliyoinua mguu wangu ndani ya sinki la choo cha chuo kikuu, katika baridi ya Januari, na mfanyakazi wa usafi, mama mtu mzima, akasimama akinitazama kwa masikitiko na dekio lake mkononi, mlango ule wote ulinirudia kichwani, na kesho yake nikanunua khufu. Sharia ilikuwa imeniwekea wepesi, na mama yule imempunguzia kazi.

Sala ya Ijumaa inahitaji utulivu zaidi, kwa kuwa hapa mwanafunzi wa Kishafii hukutana na jambo ambalo hakulitazamia. Madhehebu yetu yanataka wanaume arubaini wenyeji wa mahali, wasiohama majira yoyote ila kwa haja; na mwanafunzi aliyenuia kurudi kwao baada ya miaka mitatu, kwa kauli inayotegemewa, si msafiri tena wa kupunguza sala, wala si mwenyeji wa kukamilisha arubaini. Sasa wafanyeje vijana kumi na wawili katika mji mdogo usiokuwa na msikiti? Imamu Abu Hanifa ametosheka na watatu pamoja na imamu wao, na kumfuata imamu mwingine katika mas'ala kama haya, kwa elimu na wala si kwa kuwinda rahisi, ni mlango ambao wanachuoni wetu hawakuufunga. Hivyo ndivyo tulivyofanya sisi, baada ya kumwandikia sheikh aliyetusomesha na kungoja jibu lake. Na nawausia vijana wasiiache ada hiyo ya kuuliza, kwani aliye na mtandao mkononi hukuta majibu kumi kabla hajamaliza kuandika swali, lakini yeye anahitaji jibu moja litokalo kwa mtu anayemjua.

Kwa njia hiyo hiyo atagundua kwamba Waislamu si Mashafii peke yao. Katika safu moja atasimama Mpakistani anayechelewesha alasiri mpaka kivuli kiwe mara mbili ya kitu, Mmoroko aliyeiachia mikono yake ikaning'inia, na Mturuki anayeshangaa kwa nini kijana wetu anasimama katika rakaa ya pili ya alfajiri akiomba kunuti. Kijana wa bara jingine huenda akayachukua haya kuwa fitina. Wa pwani hana udhuru. Sisi tumeishi na Maibadhi kwa karne kadhaa. Unguja ilikuwa na kadhi wa Kiibadhi na kadhi wa Kishafii chini ya mfalme mmoja, na Mazrui wenyewe walikuja Mombasa wakiwa Maibadhi, kisha wengi wao wakawa Mashafii, bila ya nyumba kubomoka. Mikono iliyoachiwa tuliiona utotoni. Hilo ni katika yale machache tunayoweza kwenda nayo ughaibuni tukawafunze wengine.

Katika chakula sitakawia. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1933, iliyoamuru mnyama azimishwe fahamu kabla ya kuchinjwa, iliwaachia Mayahudi na Waislamu taratibu zao, na leo mabucha ya halali yamejaa katika miji mikubwa. Katika mji mdogo mtu atakula samaki, mayai na maharage, kama walavyo maskini wengi wa nyumbani, wala hatakufa. Ajifunze kusoma maandishi madogo yaliyo nyuma ya pakiti, kwa kuwa mafuta ya nguruwe na jelatini huingia katika biskuti na peremende ambazo kwa sura hazina hatia. Lakini mtihani mzito si nyama, ni meza. Urafiki wa huko mara nyingi hufungwa mbele ya bilauri ya pombe, na mwanafunzi anayekataa meza yote hubaki peke yake, na upweke ni mbaya kuliko anavyodhani. Nawashauri wasingoje kualikwa: waalike wao. Nilipowapikia wenzangu pilau Jumamosi moja, hakuna aliyeulizia pombe, na tangu siku ile nilikuwa mwenyeji, nao wakawa wageni wangu.

Na mabinti zetu nisiwasahau, maana mihadhara mingi ya namna hii huwataja kwa nguo tu kisha ikapita. Nguo ni jambo kweli: buibui halikukatwa kwa ajili ya theluji, na koti refu lenye mtandio wa sufi linatimiza sitara ile ile, kwani sitara ndiyo ibada, na buibui ni ada yetu nzuri ya kuitimizia. Binti ajue pia haki yake: sheria ya Ufaransa ya mwaka 2004, inayokataza mitandio, inahusu shule za serikali za watoto na vijana, haigusi wanafunzi wa vyuo vikuu. Lakini shida nyingine hutoka kwetu wenyewe, pale binti anapofika msikitini na kuambiwa kwamba mahali pa wanawake hapajatengenezwa bado. Huyu naye akumbuke ule msikiti wa Woking, na mkono wa nani uliotoa fedha zake.

Imebaki Ramadhani, ambayo kwa mwaka hurudi nyuma siku kumi na moja hivi katika kalenda ya jua, hata katika miaka 33 ikazunguka majira yote. Hapa Mombasa mzunguko huo hatuusikii, saum yetu haiachi saa kumi na tatu na nusu hivi. Huko, wa Disemba hufunga saa kumi, na wa Juni hufunga zaidi ya saa kumi na nane akiwa katika mitihani. Hata hivyo njaa siyo niliyoilalamikia. Niliyoilalamikia ni ile dakika ya kufuturu peke yangu, tende tatu juu ya daftari, bila mzinga, bila harufu ya viazi vya karai kutoka uchochoroni, bila mtoto aliyetumwa na bakuli la uji. Nililia, sioni haya kusema. Kisha nikajiuliza ninalilia nini, na jibu likawa kwamba ninaililia ada, kwa sababu saum yenyewe nilikuwa nayo kamili. Usiku ule ndipo nilipoijua thamani ya vyote viwili: kwamba saum inasimama bila ya viazi vya karai, na kwamba mji unaompelekea jirani bakuli la uji umefanya jambo kubwa kuliko unavyojua.

Kwa hiyo naziogopa hasara mbili, wala si moja. Ya kwanza ni ya kijana ambaye dini yake yote ilikuwa ada, akafika ugenini, asiione ada, naye akadhani kwamba Mungu ndiye aliyekosekana. Ya pili ni ya yule aliyeishika ibada vyema kwa miaka mitatu ya upweke, kisha akarudi akatutazama kwa jicho la mkaguzi: maulidi yetu ni uzushi, khitima zetu ni uzushi, wazee wetu ni wajinga. Huyo amesahau kwamba sala aliyoisali ughaibuni aliinunua kwa mtaji aliopewa na wazee hao hao, na mlango wa khufu alifunzwa nao.

Nilipojifunza kukielekea kibla cha London niligundua jambo ambalo ramani ilinithibitishia. Hapa nyumbani, nikisimama kusali, Makka iko mbele na nyuma yangu ni bahari ya suheli. Kule, nikiielekea Makka, mbele zaidi ya hiyo Makka, kidogo kwa mkono wa kulia, iko Mombasa. Hata mtu asaliye kwa usahihi ughaibuni anakuwa ameuelekea upande wa kwao. Kibla hakikuhama. Niliyehama ni mimi, na kwa kuhama huko nililazimika kukijua.

Wazazi wenzangu, mtoto akipiga simu msimuulize kama anasali. Atajibu ndiyo, nanyi hamtakuwa mmejua lolote. Muulizeni kibla cha chumba chake kiko upande gani. Akijibu upesi, laleni usingizi.